Kengele ya Usiku wa Mafuriko

Dominika ya Nne ya Pasaka, Mwaka B
Injili: Yohane 10:11-18



Wapendwa wasikilizaji, ndugu zangu katika Kristo Mfufuka, Dominika hii Mama Kanisa anatuwekea mbele ya macho yetu sura ya Kristo Mchungaji Mwema. Katika Injili tuliyoisikia, Bwana wetu anatupambanulia watu wawili. Wote wawili wanashika fimbo, wote wawili wanatangulia mbele ya kondoo, na siku ya jua zuri na majani mabichi hakuna awezaye kutambua yupi ni yupi. Tofauti yao hujulikana siku moja tu, nayo ni siku mbwamwitu anapotokea. Yule wa mshahara hukimbia, maana kondoo si wake. Mchungaji wa kweli hubaki.

Mbwamwitu, wapendwa, haji kila mara na meno. Mara nyingine huja kama maji, au tope, au ardhi inayotetemeka chini ya miguu ya watu waliolala. Leo nataka tutafakari pamoja juu ya mchungaji katika siku kama hiyo. Nami sitaanza na vitabu, nitaanza na mtu niliyemwona kwa macho yangu.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zilianza kunyesha zile mvua ambazo Afrika Mashariki nzima ilijifunza kuziita El Nino, nazo ziliendelea hadi mwaka 1998. Madaraja yalibebwa, reli zilikatika, barabara ziligeuka mito, na kipindupindu kikaingia mahali pengi. Wakati huo mimi nilikuwa frateri wa seminari kuu, nimetumwa kufanya mwaka wa uchungaji katika parokia moja ya bondeni, kandokando ya mto. Paroko wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mtu wa maneno machache, aliyechechemea mguu mmoja. Mahubiri yake yalikuwa mafupi, na, nikiri mbele yenu, mimi kijana niliyetoka kwenye vitabu vya teolojia niliyaona hayana kina.

Usiku mmoja, yapata saa nane, mto uliiacha njia yake. Niliamshwa na kengele ya kanisa. Nilipotoka nje nilimkuta Baba Paroko mwenyewe, amelowa chapachapa, ameishika kamba ya kengele kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Baba, yatosha, watu wamekwisha kuamka." Akanijibu bila kuiacha kamba, "Frateri, kuamka tu hakutawaokoa. Gizani huko hawajui kilima kiko upande gani. Wataifuata sauti."

Kanisa letu lilijengwa juu ya kilima. Tukapokezana kamba ile mpaka kulipopambazuka, viganja vikachubuka. Nao watu wakaja. Walikuja wakiwa ndani ya maji hadi kiunoni, wameshikana mikono, watoto mabegani, wazee migongoni, wakiielekea kengele hatua kwa hatua. Nilikuwa nimesoma mara nyingi kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji wao na kuifuata. Nilikuwa hata nimeufanyia mtihani mlango huo wa Injili ya Yohane na kufaulu vizuri. Lakini maana yake niliipata usiku ule, nikiwa na kamba mkononi.

Kulipokucha, ua wa parokia ulikuwa umejaa. Baba Paroko aliihamisha Ekaristi Takatifu kutoka kanisani, akaiweka kwa heshima katika chumba kidogo cha sala nyumbani mwake, kisha akaifungua milango yote ya kanisa. Watu wakaingia na mikeka yao, masufuria yao, kuku wao, na mbuzi wachache waliookoka. Miongoni mwao walikuwamo Wakatoliki, Walutheri, Waislamu, na wengine wasiokuwa na dini ya kutaja. Mimi nilisikitika kuona mbuzi amefungwa karibu na ngazi za altare, nikamwuliza mzee, "Baba, hii si nyumba ya Mungu?" Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, akasema, "Ndiyo, mwanangu. Kwani unadhani wamekosea mlango?"

Katika ghala la parokia palikuwa na magunia ya mahindi yaliyotolewa na waamini kama zaka. Aliyafungua siku ile ile. Hakuuliza kadi ya zaka ya mtu. Lakini msidhani kwamba aligawa ovyo. Alimwita mwenyekiti wa kijiji, akamwita imamu wa msikiti, akamwita katekista wetu, akawaomba watatu hao waandike pamoja orodha moja ya kaya zote zilizopatwa na mafuriko. Kila jina lilisomwa hadharani, watu wote wakisikia. Wanaofahamu mambo ya misaada wanajua kwa nini. Mahali palipo na maafa, hapakosi mtu ambaye nyumba yake haikuguswa na tone la maji lakini jina lake limeandikwa mara mbili. Hapakosi mwenye ndugu katika kamati. Siku ya tatu alikuja tajiri mmoja, mfadhili mkubwa wa parokia, akaomba watu wake watangulizwe. Baba Paroko alimkaribisha kiti, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, wewe umenisaidia kujenga kanisa hili. Usinisaidie kulibomoa."

Ndugu zangu, hapo tunajifunza jambo la kwanza. Mchungaji mwema hugawa kwa haki, na hugawa mchana kweupe. Mkate wa maskini ukipita mikononi mwetu, ni mkate mtakatifu, na anayeuiba anamwibia Kristo.

Sasa niwasimulie jambo la pili, ambalo kwangu ni aibu na fundisho pia. Miongoni mwa watu wale alikuwapo mama mmoja aliyepotewa na watoto wawili. Maji yaliwachukua kutoka mikononi mwake. Siku ya nne miili yao ilipatikana, tukaizika. Baada ya mazishi nilimwendea mama yule nikitaka kutimiza wajibu wangu, nikamwambia, "Mama, vumilia, ni mapenzi ya Mungu." Hakunijibu. Aligeuza uso wake akatazama ukutani. Nami nikabaki nimesimama pale na maneno yangu.

Baba Paroko alikuja baadaye. Hakusema neno. Alivua viatu, akaketi chini kwenye mkeka pamoja na wanawake, pamoja na ule mguu wake mbovu, akakaa hapo tangu adhuhuri mpaka jua likazama. Mama alipolia, naye alilia. Mama aliponyamaza, naye alinyamaza. Usiku, tulipokuwa wawili tu mbele ya taa ya chemli, aliniambia jambo ambalo sijalisahau hadi leo. Alisema, "Frateri, usimfanye Mungu kuwa mto. Mto ndio uliowachukua watoto wale. Mungu ndiye aliyewapokea."

Wapendwa, yafaa tulizingatie neno hilo, kwa sababu maafa yanapotokea hawakosekani wahubiri wa kutangaza upesi kwamba watu wale wameadhibiwa kwa dhambi zao. Bwana wetu aliulizwa habari kama hiyo. Katika Injili ya Luka, mlango wa 13, anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, naye anakataa katakata kwamba wao walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Kisha anawageuzia wasikilizaji wake shauri lenyewe, akiwataka watubu wao. Maana yake ni wazi. Kifo cha jirani hakinipi ruhusa ya kumhukumu jirani, kinanipa sababu ya kuyachunguza maisha yangu mwenyewe.

Wengi wenu mnakumbuka yaliyotokea Hanang, mkoani Manyara. Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Desemba mwaka 2023, asubuhi na mapema. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang ilimomonyoka, na tope zito likiwa na mawe na magogo likashuka kwa nguvu hadi Gendabi na mji wa Katesh, likafagia nyumba na watu waliokuwa bado ndani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Uvumi ulienea kwamba mlima umelipuka. Wataalamu wakachunguza, wakaeleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano. Sehemu ya mlima ilikuwa imelewa maji ya mvua, miamba yake dhaifu ikashindwa kujishikilia, ikaporomoka.

Sasa kumbukeni siku ile ilikuwa siku gani katika kalenda ya Kanisa. Ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, na Injili ya siku ile, kutoka kwa Marko, ilikuwa ile ya kukesha, kwa kuwa hatujui mwenye nyumba atarudi jioni, au usiku wa manane, au awikapo jogoo, au asubuhi. Walikuwako waamini waliokuwa wakijiandaa kwenda Misa kuisikia Injili hiyo, nao hawakufika. Je, tuseme walikuwa wakosefu kuliko sisi tuliofika kanisani salama, tukasikiliza huku tukisinzia? La hasha! Nabii Eliya, juu ya mlima Horebu, alipitiwa na upepo wa kupasua miamba, na tetemeko, na moto, lakini Bwana hakukutana naye ndani ya hayo. Alikutana naye katika sauti ndogo iliyofuata baadaye. Tukitaka kujua Mungu alikuwa wapi asubuhi ile, tuwatazame waliochimba tope kwa mikono, waliofungua milango yao, waliopika uji kwa ajili ya watoto wasiokuwa wao.

Jambo la tatu, wapendwa, ni kubaki. Katika parokia yetu ya bondeni, wiki za kwanza magari yalikuja kwa wingi. Walikuja viongozi, wakaja wapiga picha, wakaja wenye mablanketi. Baada ya mwezi mmoja njia ilikuwa tupu. Hapo ndipo kazi ya mzee wetu ilipoanza hasa. Kipindupindu kilipotukaribia, yeye alikuwa wa kwanza kushika jembe kuchimba choo nyuma ya kanisa, na kila Misa ilimalizika kwa tangazo moja tu: chemsheni maji, naweni mikono. Kila Ijumaa alichechemea kutoka kibanda hadi kibanda, akiuliza nani amepata mbegu, nani hajapata, mtoto gani amerudi shuleni. Kwa yule mama alipita kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Ijumaa moja, mama yule alimwekea kigoda mlangoni kabla hajafika. Baba Paroko alirudi akiwa na furaha kama mtu aliyebatiza watu mia.

Nami je? Niliyejifunza kwa mwalimu kama huyo, nilifanya nini zamu yangu ilipofika? Nitawaambia, kwa sababu mhubiri asiyejihubiria mwenyewe ni debe tupu. Miaka mingi baadaye, nikiwa paroko, dhoruba iliezua nyumba nyingi katika kigango kimoja cha mbali, na ukuta ulimwangukia babu mmoja akafa. Habari zilinifikia Jumatano. Njia ilikuwa mbaya, gari lilikuwa na hitilafu, nami nilikuwa na kikao cha halmashauri ya walei. Nikasema nitakwenda Dominika. Nilipofika Dominika, bibi mmoja mzee alinipokea kwa adabu zote, akanisalimu, akaupokea mkoba wangu, kisha akasema, "Karibu, Baba. Tulikwisha kuzika."

Hakukusudia kunichoma. Lakini tangu siku hiyo, kila mwaka inaposomwa Injili ya Mchungaji Mwema, namsikia bibi yule. Nilikuwa na sababu nzuri tatu za kutokwenda. Yule wa mshahara naye, bila shaka, ana sababu zake nzuri.

Ni nani aliyezika? Katekista. Alikuwa baba wa watoto sita, nyumba yake mwenyewe imebaki bila paa. Alitembea usiku ule ule mlango kwa mlango akihesabu watu, akawakusanya watoto katika darasa lililobaki, akaongoza sala za maziko, akawapanga vijana kuezeka nyumba za wajane kwanza. Ya kwake aliiezeka mwisho. Hakuwa na gari wala mshahara wa kutajika. Alikuwa na kundi, na kundi lilimjua.

Ninyi makatekista mnaonisikiliza asubuhi hii, pengine kwenye redio ndogo kabla ya kuongoza ibada isiyo na padre, neno hili ni lenu. Msijione kuwa washika zamu wa padre anayechelewa. Siku ya maji na siku ya tope, watu hawaulizi daraja la mtu katika Kanisa. Wanauliza nani yupo.

Dominika hii pia ni siku ya kuombea miito duniani kote, siku iliyowekwa na Papa Paulo wa VI mwaka 1964. Hapa namkumbuka mtakatifu mmoja ambaye si wengi wanaomjua kwetu, Padre Annibale Maria Di Francia, mzaliwa wa Messina nchini Italia. Alikuwa padre wa mji wake mwenyewe, akahudumia mtaa wa mafukara uliodharauliwa na wote, akawalea yatima. Alishikwa sana na yale maneno ya Bwana ya kuamuru kumwomba mwenye mavuno apeleke watenda kazi shambani mwake. Tarehe 28 Desemba mwaka 1908, alfajiri, tetemeko kubwa la ardhi likifuatwa na mawimbi ya bahari liliubomoa mji wa Messina, na makumi ya maelfu ya watu wakafa pale na ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo masista wa shirika alilolianzisha. Kazi ya miaka thelathini ikawa kifusi. Alikuwa na umri wa miaka 57. Hakusema, "Yamekwisha." Aliwachukua yatima wake, akawavusha hadi mkoa wa Puglia, akawatafutia makao huko Oria na kwingineko, akaanza upya, wala hakuuacha mji wake wa Messina. Mwaka 2004 Papa Yohane Paulo wa II alimtangaza kuwa mtakatifu.

Mwaona basi tunapaswa kuomba nini leo. Tusiombe tu kwamba seminari zijae. Tuombe wapatikane watu watakaobaki. Nanyi wazazi, mtoto anajifunza kubaki nyumbani kwanza. Amwone baba yake akimwendea jirani aliyefiwa kabla ya kuitwa. Amwone mama yake akipunguza unga wa nyumbani kwa ajili ya aliyeunguliwa na nyumba. Miito huota katika udongo wa namna hiyo.

Nisimalize bila kusema neno la kawaida kabisa. Upendo huja pia kabla ya maafa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, tangazo hilo lisomwe kanisani na katika jumuiya ndogo ndogo, kwa sauti ile ile tunayotangazia michango. Tusijenge katika mkondo wa maji kwa kuwa umekauka miaka kumi. Maji hayasahau njia yake. Tusikate miti ya miinuko kisha tukaushangaa udongo unaposhuka. Kila jumuiya ijue ni nani mgonjwa, ni nani kipofu, ni nani mzee anayelala peke yake, na ni nani atakayemshika mkono usiku. Mchungaji Mwema anawajua kondoo wake mmoja mmoja, nasi tusiwajue majirani zetu kwa makundi.

Baba Paroko wetu alikwisha kufariki dunia. Siku ya maziko yake nilikuwapo, nikiwa padre. Wakristo walikuja, Waislamu walikuja, na mama yule alikuja, akakaa mbele. Wakati jeneza lilipotoka kanisani, vijana wa parokia walianza kupiga kengele, nao wakaipiga muda mrefu kupita desturi. Hakuna aliyewaambia waache. Watu wote waliokuwa wakubwa mwaka ule wa mafuriko walijua kengele ile inasema nini. Ilimwonyesha njia yeye aliyewaonyesha wengine.

Kristo Mchungaji Mwema, ambaye alibaki nasi hata msalabani, na ambaye mauti hayakuweza kumwondoa katika kundi lake, awafariji wote wanaoomboleza, awape nguvu wanaoanza upya, na atujalie sisi sote masikio ya kuisikia sauti yake gizani, na mikono ya kuishika kamba kwa ajili ya wengine.

Na awabariki Mwenyezi Mungu, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.